Sura ya Tano: Ghuli, Wafu Wenye Njaa

Katika orodha ndefu ya wafu watembeao wanaojaza riwaya na michezo ya kubuni, ghuli ana sifa moja inayomtenga na wenzake: anakula, na anajua kwamba anakula. Mifupa iliyoinuliwa na mchawi haina tumbo. Mzuka hauna hata mwili. Vampaya hunywa, tena kwa madaha, mara nyingi akiwa na kasri na watumishi. Zombi hutafuna bila kujua anachotafuna wala sababu yake. Ghuli huitambua njaa yake. Huihangaikia, huiwekea akiba, huionea aibu, na katika baadhi ya dunia za kubuni huitungia sheria.

Hiyo ndiyo sababu ya kumpa sura nzima. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba njaa ndiyo iliyomfanya ghuli awe jamii. Kiumbe asiyehitaji chochote anaweza kubaki silaha ya bwana wake milele. Mwenye njaa lazima apange maisha, na akiyapanga pamoja na wenzake, tayari wana mipaka, desturi, viongozi na ugomvi na majirani. Mwandishi akimwelewa ghuli kwa namna hiyo, anapata taifa zima la kuandikia. Asipomwelewa, anaambulia kitu cha kukatwa kwa upanga na kusahaulika kabla ya ukurasa kugeuzwa.

Kabla ya makaburi

Ghuli hakuanza akiwa mfu. Alianza katika jangwa la Uarabuni, tangu kabla ya Uislamu, akiwa kiumbe hai wa ukoo wa majini na mashetani. Kazi yake ilikuwa kuwapoteza wasafiri. Aliwasha moto usiku, msafiri akaufuata akidhani kuna kambi, akaishia mahali pasipo na njia wala maji. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki katika karne ya 9, alizijadili habari zake katika kitabu chake kikubwa kuhusu wanyama. Al-Masudi, karne moja baadaye, aliandika kwamba Waarabu walidai ghuli hujigeuza umbo lolote, hata la mwanamke mzuri, lakini miguu yake hubaki ya punda. Msomaji aliyekulia Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa zaidi. Hadithi ya mrembo wa usiku ambaye ukimtazama chini unaona kwato bado inasimuliwa barazani, na wengi wetu tulionywa kwayo kabla hatujajua kusoma.

Simulizi hizo zilikuwa na kanuni zake. Mojawapo ilisema ghuli hufa kwa pigo moja tu la upanga. Ukimwongeza la pili, anafufuka. Mtu aliyezama katika michezo ya kubuni ya leo ataitambua mara moja sheria ya aina hiyo: kiumbe ana udhaifu, na udhaifu una mtego wake.

Lakini habari inayonigusa zaidi ni ile ya Abu Ayyub al-Ansari, iliyopokewa na Tirmidhi. Abu Ayyub alikuwa na mahali pa kuhifadhia tende, na ghuli akawa anakuja kuziiba. Alimkamata. Ghuli akaapa kwamba hatarudi, akaachiwa, akarudi. Mtume (S.A.W.) akamweleza Abu Ayyub kuwa kiumbe huyo amesema uongo, na uongo ni mazoea yake. Mwishowe, ili aachiwe, ghuli akamfundisha kwamba Ayatul Kursiyu ikisomwa nyumbani, shetani hatakaribia. Na Mtume akathibitisha kuwa safari hii yule mwongo amesema kweli.

Tazama ni mengi kiasi gani yamo ndani ya habari fupi hiyo. Ghuli ana njaa. Anasema, anasihi, anaapa, anavunja kiapo, na kuna ukweli anaoujua. Unaweza kumkamata, kujadiliana naye na kumwachia. Na anachokiiba ni tende. Hakuna kaburi, hakuna maiti. Yule mla wafu tunayemfahamu leo alikuwa bado hajazaliwa.

Wali punje kwa punje

Alizaliwa Paris. Kati ya 1704 na 1717, Antoine Galland alichapisha kwa Kifaransa mikusanyo ya Alfu Lela Ulela. Baadhi ya hadithi hakuzitoa katika maandishi ya Kiarabu bali alisimuliwa mwaka 1709 na Hanna Diyab, kijana Mkristo kutoka Aleppo. Miongoni mwa hizo ni kisa cha Sidi Nouman wa Baghdad.

Sidi Nouman ameoa mke mzuri aitwaye Amina. Wakiketi kula, Amina anatoa kijiti cha kusafishia masikio na kuanza kuokota wali punje kwa punje. Mkate anaumega vipande vidogo mno. Mume anadhani ni haya ya bi harusi, kisha anadhani ni ubahili, kisha anaanza kuogopa, maana hakuna mtu aishiye kwa chakula hicho. Usiku mmoja mke anaamka taratibu na kutoka. Mume anamfuata kwa mwanga wa mwezi hadi makaburini, na kutoka nyuma ya ukuta anamwona akiwa na ghuli. Wanafukua maiti aliyezikwa siku hiyohiyo, wanaketi ukingoni mwa kaburi, wanakula huku wakizungumza, na wakimaliza wanarudisha mabaki shimoni na kufukia.

Kitisho cha kisa hiki kinaanzia kwenye sinia ya wali. Msomaji anajua kuna njaa kubwa mahali fulani kwa sababu ameona njaa isiyokuwepo pale ilipostahili kuwa. Pia kuna mazungumzo. Amina na ghuli hawali kama mbwa wanaogombea mfupa. Wanakula kama watu wawili waliozoeana. Tayari kuna karamu, na karamu ni dalili ya jamii.

Mtafiti Ahmed Al-Rawi, katika makala aliyoitoa mwaka 2009, alieleza kwamba sifa hii ya kufukua na kula maiti ilitoka kwa Galland, na ndiyo iliyokwenda Ulaya na kuushika ulimwengu. Mwingereza William Beckford akaitumia katika riwaya yake Vathek, iliyochapishwa mwaka 1786. Tangu hapo, katika fasihi ya Magharibi, ghuli akahama jangwani na kuwa mkazi wa makaburini.

Mji ulio chini ya mji

Aliyempa ghuli ukoo ni Mmarekani H. P. Lovecraft. Mwezi Oktoba 1927, jarida la Weird Tales lilichapa hadithi yake kuhusu mchoraji wa Boston, Richard Upton Pickman, ambaye picha zake zinatisha kupita kiasi kwa sababu amewachora ghuli kwa kuwatazama. Wana nyuso zenye sura ya mbwa, wanatembea wakiwa wameinama, na wanapita katika mahandaki chini ya mji. Picha moja inawaonyesha wameketi duara katika uwanja wa kanisa, wakimfundisha mtoto wa binadamu kula kama wao. Nyingine inaonyesha nyumba ya watu wacha Mungu, baba akisoma Biblia, na miongoni mwa watoto kuna kijana mmoja ambaye hakuzaliwa humo. Ghuli wamebadilishana watoto na binadamu.

Ndani ya picha hizo mbili Lovecraft ametoa elimu, malezi na ujirani. Katika riwaya yake fupi kuhusu safari ya ndotoni ya Randolph Carter, iliyotoka mwaka 1943 baada ya yeye kufariki, alikwenda mbali zaidi. Pickman mwenyewe sasa amekuwa ghuli na ni kiongozi miongoni mwao. Wana lugha yao. Wana mapatano na viumbe wenye mabawa wa usiku, na wanaandamana nao vitani. Wana hata hesabu ya chakula: chini ya ardhi wanaishi majitu makubwa yaitwayo magugi, na gugi mmoja aliyezikwa anatosha kulisha jamii ya ghuli karibu mwaka mzima. Kumfukua ni hatari, lakini faida inazidi ile ya makaburi ya watu.

Hesabu hiyo ya akiba na hatari inaeleza zaidi kuliko kurasa kumi za damu. Mwandishi ameuliza swali la mama wa nyumba, yaani leo tutakula nini na kitatosha siku ngapi, na jibu lake likaifanya jamii isimame. Msomaji anaanza kuwahesabu ghuli kama watu wenye shida zao, na Carter anapowategemea ili kuokoa maisha yake, hatuoni ajabu tena. Na ghuli hawa wa Lovecraft wako hai. Kula kwao maiti hakujawafanya maiti.

Kifo kinaingia kwa mlango wa mchezo

Mwaka 1968, George Romero alitoa filamu ya Night of the Living Dead, iliyopigwa picha Pennsylvania. Maiti zinafufuka na kula walio hai. Leo tunawaita zombi, lakini ndani ya filamu neno hilo halitajwi, wanaitwa ghuli. Romero alivunja ukuta uliokuwepo kati ya anayekula wafu na aliye mfu mwenyewe.

Miaka sita baadaye, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao wachezaji huigiza mashujaa na dadu huamua bahati yao. Humo ghuli ameandikwa katika kundi la wafu. Maelezo yake ni mafupi sana, lakini yamebeba sheria mbili, na ya kwanza imedumu nusu karne: anayeguswa na ghuli hupooza, isipokuwa elfi, yule kiumbe wa misituni mwenye masikio yaliyochongoka na umri mrefu, na mtu anayeuawa na ghuli huwa ghuli.

Sheria ya kupooza inafanya kazi hivi mezani. Mashujaa wanne wanashuka kaburini. Ghuli anamkwaruza askari, mwenye nguvu kuliko wote. Mchezaji anarusha dadu yenye pande 20, na katika toleo la 2014 anatakiwa apate angalau 10 baada ya kuongeza uimara wa mwili wake. Anashindwa. Askari anaganda hadi dakika moja, macho wazi, akimwona ghuli anavyoinama juu yake. Zamu inayofuata mwingine anaganda. Ghafla elfi, pengine dhaifu kuliko wote kwa mwili, ndiye pekee anayeweza kusogea, na uhai wa wenzake wote uko mikononi mwake. Meza nzima hunyamaza. Wachezaji wanaokumbuka pambano lao la kwanza na ghuli wanakumbuka dakika hiyo.

Kwa nini elfi? Mwaka 1974 kitabu hakikutoa sababu. Kilikuwa kifungu tu cha kanuni. Lakini dunia ya kubuni haiachi kifungu kikae bila hadithi, na Mwongozo wa Majitu wa 2014 unaisimulia. Ghuli wa kwanza alikuwa Doresain, elfi aliyekula nyama ya viumbe wa aina ya watu ili kumtukuza Orcus, mfalme wa pepo wa wafu. Orcus akamgeuza ghuli na kumpa utumishi. Baadaye pepo mwingine, Yeenoghu, akampokonya Doresain himaya yake, na Orcus hakumsaidia. Doresain akawageukia miungu ya elfi aliyoiasi. Ikamhurumia na kumwokoa na maangamizi. Tangu hapo elfi hawapoozwi na mguso wa ghuli.

Hadithi hii imeigeuza kanuni kuwa historia ya jamii. Ghuli wana babu, babu ana dhambi, dhambi ina adhabu, na katikati ya adhabu kuna huruma moja inayokumbukwa na miili ya kabila jingine. Katika kitabu hichohicho, akili ya ghuli imepewa alama 7, wakati zombi ana 3, na ghuli anaweza kusema lugha ya wote. Ni mfu unayeweza kuongea naye.

Jinsi jamii inavyoongezeka

Jamii yoyote lazima iwe na njia ya kupata watu wapya. Ghuli wa dunia za kubuni wamepewa tatu, na kila moja inajenga taifa la aina yake.

Ya kwanza ni maradhi. Katika toleo la tatu lililorekebishwa la Dungeons & Dragons, anayeng'atwa anaweza kupata homa ya ghuli; akifa nayo, huinuka akiwa ghuli usiku wa manane unaofuata. Hapo ghuli ni janga, na wanaomzunguka huishi kwa karantini, uchunguzi wa majeraha na hofu ya mgonjwa wa nyumba ya pili.

Ya pili ni tendo. Katika dunia ya Warhammer ya zamani, ghuli ni binadamu ambao ukoo wao uliangukia ulaji wa watu, mara nyingi kwa njaa ya vita, ukaharibika kizazi baada ya kizazi. Toleo jipya la dunia hiyo likaleta mwaka 2016 falme za ghuli wenye wazimu wa ajabu: wanajiona mashujaa watukufu waliovaa deraya zinazong'aa, mfalme wao wanamwona mwenye haki, na vipande vya nyama mbichi wanaviona karamu ya ikulu. Hawasemi uongo. Wanaamini. Katika aina zote za ghuli nilizozisoma, hao ndio wananisumbua zaidi, kwa sababu wana heshima, utii, ukarimu na ushujaa, na vyote vinatumikia mauaji.

Ya tatu ni kuzaliwa. Katika Tokyo Ghoul, katuni ya Ishida Sui iliyoanza kuchapishwa Japani mwaka 2011, ghuli huzaliwa na wazazi ghuli. Hawajafa, hawajalaaniwa, hawajatenda kosa. Miili yao haipokei chakula chochote ila nyama ya watu au ya ghuli wenzao, na mbali na maji kuna kinywaji kinachowafaa: kahawa.

Swali la njaa

Mchezo wa kompyuta wa Warcraft III, wa mwaka 2002, una ghuli ambaye kwa mtazamo wa kwanza ni askari wa kawaida wa jeshi la wafu. Lakini yeye pia ndiye anayekata miti. Kambi ya wafu haiwezi kujengwa bila mbao, na kazi hiyo amepewa ghuli. Akijeruhiwa, anaweza kufundishwa kujitibu kwa kula maiti zilizolala uwanjani. Yeye ni kibarua na mpiganaji, na ujira wake ni mizoga. Hana sauti katika utawala wa bwana wake, na mchezo hauulizi anaonaje.

Fallout, iliyoanza mwaka 1997, inauliza. Ghuli wake si wafu. Ni binadamu walioharibiwa na mionzi ya vita vya nyuklia, ngozi imenyauka, umri umevuka karne, lakini akili ya wengi iko timamu. Wengine hupoteza fahamu na kuwa hatari, na majirani huwachukia wote kwa sababu ya hao. Katika sehemu ya tatu, ya mwaka 2008, kuna jengo la kifahari ambalo wakazi wake hawataki ghuli waingie. Mchezaji anaweza kupatanisha pande mbili ili waishi pamoja. Akifanikiwa, akirudi baadaye hukuta wakazi binadamu wameuawa. Waandishi hawakumpa mchezaji raha ya kuamini kwamba anayeonewa lazima awe mwema. Kuonewa kwake ni kweli, na ukatili wake ni kweli.

Tokyo Ghoul inaligusa swali kwa karibu kuliko zote. Mwanafunzi Kaneki Ken anapandikizwa viungo vya ghuli na kujikuta nusu kwa nusu. Anajaribu kula chakula alichokipenda na mwili unakitema. Anapokelewa na mkahawa wa Anteiku, ambao wahudumu wake ni ghuli wanaotafuta kuishi bila kuua: wanakusanya miili ya waliojiua na kuigawa kwa wenzao wasioweza kuwinda. Hilo si suluhisho safi. Lakini ni utaratibu wa watu wanaojua hawakuchagua njaa yao, na wameamua kuchagua namna ya kuishi nayo.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya kiumbe huyu. Ukimwondolea njaa, anakuwa mfu kama wafu wengine. Ukimwachia njaa bila akili, anakuwa mnyama. Ukimpa vyote viwili, unalazimika kujibu kama anayehitaji uovu ili aishi anaweza kuwa mwema, na jamii iliyo jirani inamdai nini na yeye anaidai nini. Waandishi waliokwepa swali hilo wametoa mapigano mazuri. Waliolikabili wametoa kazi zinazodumu.

Neno kwa mwandishi wa Kiswahili

Sisi tuna zimwi. Katika ngano za pwani zimwi humteka msichana aliyerudi ufukoni kuchukua kombe lake, humfungia ndani ya ngoma, na huzunguka vijijini akilipwa chakula kwa sauti ya mtoto inayoimba humo ndani. Ni kiumbe mwenye njaa, hila na biashara. Na methali inatukumbusha kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wazee walikwisha kumpa mla watu kipimo, na wakakubali kwamba kujuana kunabadilisha hata mlo wake.

Lakini waandishi wetu wachanga wanaoanza kuunda dunia za kubuni mara nyingi humwacha zimwi msituni, wakaagiza vampaya na zombi tayari. Ninawaomba wamrudie. Muulizeni maswali aliyoulizwa ghuli: anakula nini siku asipopata mtu? Analea vipi watoto wake? Nani anamtawala, na amepatana nini na kijiji? Ghuli aliondoka jangwani akiwa mwizi wa tende, na leo ana miji, wafalme na sheria kwa sababu waandishi wa kila kizazi waliichukulia njaa yake kwa uzito. Zimwi anastahili kazi hiyohiyo, na wa kuifanya ni ninyi.